Miwani ya 3D Imegoma? Funga Jicho Moja Kwanza

Televisheni za 3D hazitengenezwi tena. Samsung iliachana nazo mwaka 2016, na mwanzoni mwa 2017 LG na Sony nazo zikasema basi. Lakini zilizokwisha kutoka kiwandani bado zinazunguka. Zimo kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, zimo sebuleni kwa watu waliotumiwa na ndugu zao walioko Ulaya au Ghuba, na projekta za DLP (zinazochora picha kwa chipu yenye vioo vidogo mno) zenye uwezo huo unaweza kuzikuta hata kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira. Siku moja mwenye nayo anabonyeza kitufe cha 3D kwenye rimoti, picha inavurugika, anatafuta miwani, picha haitengemai. Anaitwa fundi, na fundi anasema paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, imekufa.

Mara nyingi paneli haijafa.

Macho ya mtu mzima yameachana kwa milimita 63 hivi, kwa hiyo kila jicho linaitazama dunia kutoka mahali pake. Ubongo unalinganisha picha hizo mbili, na kutokana na tofauti zake ndogo unajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha hilo mwaka 1838 kwa michoro miwili na vioo viwili tu. Kila kifaa cha 3D kilichokuja baadaye, kiwe cha sinema, cha sebuleni au cha kuvaa kichwani, kina kazi ileile: picha ya kushoto ifike jicho la kushoto peke yake, na ya kulia ifike jicho la kulia peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kununua miwani mpya, fanya hivi. Washa 3D, vaa miwani, funga jicho la kushoto. Jicho la kulia lililobaki linatakiwa kuona picha moja tu, kamili na safi, iliyofifia kidogo. Kisha badilisha jicho. Kama hata kwa jicho moja unaona picha mbili, picha hazitenganishwi: shida iko kwenye mpangilio, skrini au miwani. Kama kila jicho peke yake linaona vizuri, ila ukiyafungua yote mawili mambo yanaharibika, acha kulaumu vifaa. Tafuta kwenye filamu yenyewe, kwenye pande zilizobadilishana, au kwenye macho.

Ili usibahatishe, tengeneza picha ya majaribio. Kwenye kompyuta fungua ukurasa mweusi wa pikseli 1920 kwa 1080. Katikati ya nusu ya kushoto andika KUSHOTO kwa herufi kubwa nyeupe, juu kidogo. Katikati ya nusu ya kulia andika KULIA, chini kidogo. Hifadhi kwenye flashi, ifungue kwenye televisheni, halafu chagua 3D ya picha mbili zilizokaa pembeni kwa pembeni. Televisheni nyingine hukataa kuwasha 3D kwenye picha mnato. Hapo igeuze iwe video ya dakika moja. Jicho la kulia likisoma KULIA tu na la kushoto likisoma KUSHOTO tu, televisheni na miwani ni nzima. Likisoma yote mawili, moja likiwa hafifu, huo ni uvujaji. Likisoma neno la mwenzake, pande zimebadilishana. Picha hii moja itakuokolea hela nyingi.

Miwani uliyonayo ni ya aina gani?

Ya kwanza ni ya betri. Lenzi zake ni vioo vya LCD vinavyofunga na kufungua. Televisheni inaonyesha picha ya kushoto, halafu ya kulia, halafu ya kushoto, angalau mara 120 kwa sekunde, na miwani inaziba jicho lisilohusika kila mara. Ili wakati ulingane, televisheni inaipa miwani ishara, ama kwa infraredi (mwanga usioonekana, kama wa rimoti), ama kwa Bluetooth. Projekta nyingi za DLP hutumia mmweko mfupi wa mwanga unaopita kati ya picha na picha, ambao miwani inausoma kutoka kwenye pazia.

Ya pili haina betri, ni nyepesi, kama ile inayotolewa sinema. LG ndiyo iliyoieneza majumbani kuanzia 2011. Hapa kazi inafanywa na skrini: juu ya kioo kumebandikwa utando unaofanya mistari ya namba witiri itoe mwanga unaozunguka upande mmoja, na ya namba shufwa uzunguke upande wa pili. Kila lenzi inapitisha mzunguko wake. Gharama yake ni kwamba mistari 1080 ya skrini ya Full HD inagawanywa, kila jicho linapata 540. Kwenye skrini ya 4K hasara hiyo haionekani, na ndiyo maana kwa maoni yangu televisheni ya 4K ya miwani isiyo na betri ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kuuzwa. Ukiiona mahali kwa bei nzuri, usiiache.

Ya tatu ni ile ya karatasi, lenzi moja nyekundu na nyingine ya samawati. Hiyo haihitaji televisheni ya 3D, hata kwenye simu inafanya kazi, lakini kwa picha zilizotengenezwa kwa rangi hizo tu.

Aina hizi hazibadilishani. Kosa la kawaida kuliko yote ni mtu kununua miwani ya betri kwa televisheni isiyoihitaji, au kinyume chake. Na hata zisizo na betri hazifanani. Ukiwa na rundo lisilojulikana, simama mbele ya kioo cha kujitazamia, vaa moja, fumba jicho moja. Kama lenzi ya jicho ulilofungua ndiyo inayoonekana nyeusi kiooni, hiyo ni ya mwanga wa kuzunguka: itafaa televisheni za aina ya LG, na ndiyo aina ya RealD ya kwenye majumba ya sinema. Kama lenzi ya jicho ulilofumba ndiyo nyeusi, hiyo ni ya mwanga wa mstari, yaani unaotikisika kwenye mstari ulionyooka badala ya kuzunguka, iliyotumika sana IMAX, na sebuleni haitakusaidia. Sababu ni kwamba kioo kinageuza upande wa mzunguko, kwa hiyo lenzi inaukataa mwanga uliotoka kwake yenyewe. Mwanga wa mstari ulioelekea kioo moja kwa moja haugeuzwi.

Picha mbili zimekaa pembeni kwa pembeni

Hili ndilo linalowapeleka watu kwa fundi bure. Unachomeka flashi yenye filamu ya 3D na skrini inagawanyika katikati: nusu ya kushoto waigizaji waliominywa wakawa wembamba, nusu ya kulia walewale tena. Hakuna kilichoharibika. Faili zenye SBS (side by side, yaani bega kwa bega) kwenye jina lake zimebeba picha mbili ndani ya fremu moja, na televisheni haijui hilo mpaka uiambie. Bonyeza 3D, chagua alama ya visanduku viwili vilivyokaa bega kwa bega. Kama picha zimepandana moja juu ya nyingine, na jina la faili lina OU au TAB (vifupisho vya Kiingereza vya "juu na chini"), chagua alama ya visanduku vilivyopandana.

Kwenye SBS ya kawaida kila jicho limepewa pikseli 960 kwa upana, na televisheni inazitanua zifike 1920. Kuna faili nyingine ambazo kila picha imebaki kamili, jumla pikseli 3840 kwa 1080. Televisheni nyingi za Full HD ama zinazikataa, ama zinaonyesha utepe mwembamba wenye weusi mkubwa juu na chini. Dawa ni kuibadilisha kwenye kompyuta iwe nusu. Watu wakionekana wafupi na wanene baada ya 3D kuwaka, rudi kwenye ukubwa wa picha, weka 16:9 kabla ya kuwasha 3D, maana televisheni nyingine hufunga mpangilio huo 3D ikishawaka.

Kama picha ni moja lakini kingo zake zina wekundu upande mmoja na usamawati upande wa pili, hiyo ni ya miwani ya karatasi. Zima 3D ya televisheni kabisa. Hakuna kitufe kitakachoigeuza.

Na kama unatafuta chaneli ya 3D kwenye king'amuzi, acha. Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini hadi mechi 25 zilirekodiwa kwa 3D, na Uingereza ilikuwa na Sky 3D tangu mwaka huohuo, lakini ilifungwa mwaka 2015.

Diski ni ya 3D, deki inacheza picha ya kawaida

Diski ya Blu-ray 3D inabeba picha mbili kamili. Deki inazituma kama fremu moja ndefu ya mistari 2205: picha ya kushoto juu, mistari 45 mitupu, picha ya kulia chini. Utaratibu huu uliingia na HDMI 1.4 mwaka 2009, na televisheni huutambua yenyewe bila kubonyeza chochote. Isipoutambua, muuzaji atakushauri ununue waya wa bei kubwa. Usikimbilie huko. Mzigo wa 3D ya filamu kwenye waya ni sawa na wa picha ya kawaida ya Full HD (1080p) ya fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo waya unaopitisha hiyo utapitisha na hii.

Angalia kilichokaa katikati. Spika ya mstari (soundbar), amplifaya au kigawanyishi cha HDMI cha zamani hakijui fremu ndefu, na deki ikiona hivyo inarudi kwenye picha bapa bila kukuambia. Chomeka deki moja kwa moja kwenye televisheni. Ikikubali, mchawi umempata. Sauti ipeleke kwenye amplifaya kwa waya mwingine. Ikigoma, ingia menyu ya deki, hakikisha 3D haijazimwa na kwamba utoaji wa fremu 24 kwa sekunde umeruhusiwa.

Halafu hakikisha deki yenyewe inaweza. PlayStation 3 ilipewa uwezo huo kwa sasisho la mwaka 2010, PlayStation 4 ikaupata 2014, PlayStation 5 haina. Diski za Ultra HD Blu-ray hazina 3D kwa sababu haimo kwenye viwango vyake, hata kama kava lina maandishi mengi ya kuvutia. Na kinachouzwa barabarani kwa jina la DVD ya 3D kwa kawaida ni SBS au nyekundu na samawati. Rudi sehemu iliyotangulia.

Kila kitu kina kivuli chake pembeni

Hapa ndipo jaribio la jicho moja linapolipa. Jicho la kulia linaona picha yake na, kwa mbali, picha ya mwenzake. Huo ndio uvujaji, na kivuli chake kinaonekana zaidi kwenye vitu vyeupe juu ya weusi: maandishi ya mwisho wa filamu, taa za barabarani usiku, mwezi.

Kwenye televisheni isiyotumia miwani ya betri, chanzo nambari moja ni urefu wa mahali ilipotundikwa. Ule utando uko mbele ya kioo, si ndani yake, kwa hiyo kuna nafasi ndogo kati ya mstari wa pikseli na ukanda wake. Ukitazama sawasawa, kila mstari unapita kwenye ukanda wake. Ukitazama kutoka chini, sehemu ya mwanga inapita kwenye ukanda wa jirani na kwenda jicho lisilo lake. Na sisi tunapenda kutundika televisheni juu ukutani, karibu na dari, watoto wasiifikie. Jaribu hivi: weka picha ya KUSHOTO na KULIA, kaa unapokaa siku zote, kisha simama taratibu. Kivuli kikipotea ukiwa umesimama, hakuna ugonjwa. Ishushe au iinamishe mbele mpaka kioo kikutazame usoni. Kusogea nyuma nako kunasaidia, maana pembe inapungua. Pembeni unaweza kukaa popote. Shida ni juu na chini tu.

Kama unaitumia kama skrini ya kompyuta na programu inayopanga mistari kwa zamu, zima pia ukuzaji wa picha kwenye televisheni. Mistari ikitanuliwa hata kidogo inachanganyika, na 3D yote inakufa.

Kwenye televisheni ya miwani ya betri chanzo ni kasi. LCD inaandika picha kuanzia juu kushuka chini, na pikseli zinahitaji muda kutulia. Zisipotulia kabla lenzi haijafunguka, jicho linaona mabaki ya picha iliyopita. Ndiyo maana kivuli kinaweza kuwa kidogo katikati na kikubwa ukingoni juu au chini. Paneli baridi hutulia polepole zaidi. Dar es Salaam hutalijua hilo, lakini asubuhi ya Julai kule Njombe iache televisheni iwake nusu saa kabla ya kuhukumu. Plasma ina ugonjwa wake: fosfori yake (unga unaotoa mwanga) haizimiki papo hapo, hasa ya kijani, kwa hiyo kivuli kinakuwa na ukijani. Vyote viwili vinapungua ukishusha utofauti wa mwanga kidogo na kupunguza kina kwenye menyu ya 3D, lakini haviishi.

Na usilale. Kwa miwani yoyote, ukijilaza kwenye kochi macho yako yanakuwa moja juu ya jingine wakati picha zimetenganishwa kushoto na kulia. Ubongo hauwezi kuziunganisha. Kwa miwani ya betri mbele ya LCD picha inaweza pia kufifia hadi giza, kwa sababu mwanga wa LCD una mwelekeo wake na lenzi ina wake.

Miwani ya betri haishiki, au inashika na kuachia

Anza na betri. Nyingi hutumia ya kidonge, kama CR2025. Soma ndani ya kifuniko. Zile za kuchaji zilizokaa kabatini miaka mitano huenda betri yake haihifadhi tena chochote.

Halafu ulinganifu. Televisheni za Samsung za 2010 zinatumia infraredi, kuanzia 2011 zikahamia Bluetooth. Miwani ya mwaka mmoja inaweza isifae ya mwaka uliofuata hata kama jina la kampuni ni lilelile. Mwezi Agosti 2011 Samsung, Panasonic, Sony na XpanD zilikubaliana kuwa na miwani ya aina moja, kwa hiyo za kuanzia 2012 zenye alama ya makubaliano hayo zina nafuu. Sony nyingine za mwanzo zilihitaji kisanduku cha infraredi kinachouzwa kando. Kama televisheni ina maandishi ya "3D Ready" na huoni dalili ya ishara, tafuta tundu la kisanduku hicho nyuma yake.

Za Bluetooth zinahitaji kusajiliwa: isogeze karibu kabisa na televisheni iliyowashwa, bonyeza kitufe na ukishikilie mpaka ujumbe utokee. Rafiki akileta yake kutoka nyumbani, itabidi asajili upya. Za infraredi zinahitaji kuonana na televisheni. Chombo cha maua, spika ya mstari au kichwa cha aliyekaa mbele vinatosha kukata ishara, na jua la dirishani linaizamisha. Televisheni mbili za infraredi kwenye chumba kimoja zitagombania miwani.

Kujua kama lenzi zinafanya kazi, rekodi video ya mwendo wa polepole kwa simu huku miwani iliyowashwa ikiitazama televisheni. Ukiicheza utaona lenzi zikifunga kwa zamu. Moja ikibaki wazi au nyeusi muda wote, hiyo miwani basi.

Lenzi moja ikiwa inafifia zaidi ya nyingine kuna dalili ya ajabu: vitu vinavyokwenda kushoto vinaonekana vimesogea mbele, vinavyokwenda kulia vinarudi nyuma, au kinyume. Jicho lililo kwenye giza hupeleka habari kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ubongo unakusoma kama kina. Mjerumani Carl Pulfrich alilieleza jambo hili mwaka 1922. Kabla ya kuitupa, futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuleta vituko hivyo.

Chumba kizima kinapepesa

Picha ni nzuri, lakini taa, ukuta na uso wa jirani vinapepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya tyubu ya kawaida inapiga mara 100 kwa sekunde. Miwani inafungua mara 60 kwa kila jicho. Hesabu hizo hazigawanyiki, na tofauti yake ndiyo unayoiona. Aliyeko Marekani, kwenye umeme wa hezi 60, hili halimsumbui sana kwa sababu taa yake inapiga mara 120. Zima taa. Ukitaka mwanga kidogo, tumia balbu ya LED isiyopepesa, iliyokaa nyuma ya televisheni.

Picha ni giza

Ni lazima ipungue. Kwa miwani ya betri kila jicho limezibwa angalau nusu ya muda, na kwa projekta ya DLP lenzi yenyewe inakula nusu nyingine, kwa hiyo jicho linabaki na robo au chini ya hapo. Zima hali ya kuokoa umeme, pandisha mwanga wa nyuma hadi mwisho, funga mapazia. Kwa projekta, taa iliyochoka ambayo mpira unaoneshwa nayo bila shida itashindwa kwenye 3D. Isogeze karibu, picha iwe ndogo. Weusi wenye wekundu au ukijivu kwenye projekta za DLP ni ule mmweko wa ishara, hauna dawa.

Kuna kitu kingine kuhusu projekta. Zile ndogo za LED za bei rahisi zilizoandikwa 3D kwenye boksi mara nyingi zinamaanisha miwani ya karatasi tu. Ukuta wowote mweupe unaweza hivyo.

Kina kimegeuka, nyuma kuko mbele

Kila jicho peke yake liko sawa, lakini yote mawili yakiwa wazi unahisi kitu hakiko sawa na huwezi kukitaja. Uso unaonekana umebonyea kwa ndani, anga limetangulia mbele ya mti, na bado mti unalifunika. Pande zimebadilishana. Geuza miwani, uivae juu chini. Kwa kufanya hivyo lenzi ya kushoto imehamia jicho la kulia. Picha ikitulia, jibu umelipata. Ivae vizuri, kisha tafuta kwenye menyu sehemu ya kubadilisha kushoto na kulia. Kwa projekta za DLP jambo hili linaweza kujirudia kila unapowasha, kwa sababu mmweko wa ishara ni uleule kwa picha zote mbili na miwani inaweza kuanza na upande usio wake. Kitufe cha kugeuza kipo kwenye menyu ya projekta au kwenye fremu ya miwani.

Kichwa kinauma

Kuna uchovu usioepukika. Macho yanapinda kufuata kitu kinachoonekana kiko mbele, huku lenzi za macho zikilazimika kulenga kwenye skrini iliyobaki palepale. Katika maisha ya kawaida mambo hayo mawili huenda pamoja. Pumzika, kaa mbali zaidi, punguza kina.

Lakini kuna maumivu yanayotokana na ukubwa wa pazia, na haya yanapimika kwa rula. Vua miwani, simamisha filamu kwenye tukio lenye milima au anga la mbali, pima umbali kati ya picha mbili za kitu cha mbali zaidi. Ukizidi sentimita 6, macho yanalazimishwa kutanuka nje, kitu ambacho hayajaumbiwa. Chukua tofauti ya pikseli 50. Kwenye televisheni ya inchi 50, yenye upana wa mita 1.1, hiyo ni milimita 29: salama. Filamu hiyohiyo kwenye pazia la mita 3 inakuwa milimita 78. Filamu ni nzuri, televisheni ilikuwa nzuri, pazia ndilo limeharibu. Kwenye menyu rekebisha kina ili picha zisogeleane, au punguza pazia. Kwa watoto kuwa mkali zaidi, macho yao yako karibu zaidi.

Anayetazama kwa kifaa cha kuvaa kichwani apime umbali wa mboni zake kwanza. Meta Quest 2, kwa mfano, ina nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68, na kukaa kwenye isiyo yako kunaleta ukungu na kichwa kuuma ambavyo watu huvilaumu kwenye filamu. Zaidi ya hapo, kwa faili za SBS vifaa hivi vinashinda televisheni zote: kila jicho lina picha yake, hakuna uvujaji.

Wote wanaona, mimi sioni

Kwanza hakikisha kinachochezwa ni 3D kweli. Kitufe cha kugeuza picha bapa kuwa 3D kipo kwenye televisheni nyingi, na kinachokupa ni makisio: kompyuta ndogo inabuni kina kutokana na rangi, mwendo na mahali kitu kilipo. Taarifa ya habari iliyogeuzwa hivyo haina cha kuonyesha.

Kama ni 3D halisi, jaribio la jicho moja limepita kwa macho yote mawili, KUSHOTO na KULIA vinasomeka vizuri, wenzako wanaikwepa mikuki inayotoka kwenye skrini na wewe unaona picha bapa, basi ni macho. Wenye makengeza, au jicho moja lililodhoofika tangu utotoni, ubongo wao umezoea kupuuza picha moja. Wengi wanaendesha gari na kucheza mpira bila kujua, kwa sababu kina hupatikana pia kwa vivuli, ukubwa wa vitu na mwendo. Ni 3D tu inayowaumbua. Mtu mzima anaweza kuendelea kutazama picha bapa. Lakini kama asiyeona ni mtoto, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, maana jicho dhaifu hutibika vizuri zaidi akiwa bado mdogo.